Uko Kambodia na unataka kuvuka kwenda Vietnam: jinsi ya kuomba viza bila kurudi Dar

Swali hili nimeshalijibu mara nyingi mpaka nimeamua kuliandikia. Linakuja kwa sura tofauti lakini ni lilelile: "Dada, niko Phnom Penh, nimebakiwa na siku chache, nataka kuvuka Vietnam. Ni lazima nirudi nyumbani kuomba viza?"

Hapana. Ni kweli Vietnam ina ubalozi Dar es Salaam, lakini hulazimiki kupitia hapo. Tangu tarehe 15 Agosti 2023 nchi hiyo inatoa viza ya mtandaoni kwa wenye pasipoti za nchi zote, ya hadi siku 90, na unaiomba popote ulipo ilimradi uwe nje ya Vietnam. Mkenya, Mganda na Mrundi wanapita njia hiyohiyo.

Kujaza fomu ni kazi ya nusu saa. Wanaokwama wanakwama kwenye kalenda: wanaomba wakiwa wamebakiwa na siku tatu za kukaa Kambodia, kisha Jumamosi na Jumapili zinaingia katikati. Kwa hiyo tutaanza na siku, ndipo tuje kwenye fomu.

Hesabu siku kwanza

Fungua pasipoti kwenye viza au muhuri wa Kambodia. Soma tarehe ya mwisho ya kukaa kama ilivyoandikwa, usihesabu kwa vidole. Viza ya kawaida ya utalii ya Kambodia ni ya siku 30, na siku uliyoingia nayo imo. Ukipitiliza, faini ni dola 10 kwa kila siku.

Vietnam wenyewe wanasema ombi linachukua siku 3 za kazi. Mimi nahesabu 14 za kawaida. Mfano: umeruhusiwa kukaa mpaka tarehe 30 Machi na unataka kuvuka tarehe 24. Tuma ombi tarehe 10 au kabla. Wakikukatalia, au picha ikirudishwa, bado una muda wa kuomba tena au kwenda ubalozini bila kuanza kulipa faini.

Angalia na sikukuu zao. Tet, mwaka mpya wa Vietnam, inasimamisha ofisi kwa wiki nzima hivi. Mwaka 2026 ilianguka tarehe 17 Februari, na 2027 ni tarehe 6 Februari. Kuna pia 30 Aprili na 1 Mei zinazofuatana, na 2 Septemba. Upande wa Kambodia, katikati ya Aprili ni mwaka mpya wa Wakhmer. Ofisi za Vietnam hazihusiki hapo, ila mabasi yanajaa na steshenari nyingi zinafungwa, na viza utahitaji kuiprinti.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujafungua fomu

- Pasipoti yenye uhai wa angalau miezi 6 na kurasa mbili tupu.
- Picha ya ukurasa wenye taarifa zako, yote, pamoja na ile mistari miwili ya chini yenye alama kama mishale midogo.
- Picha yako ya sentimita 4 kwa 6, ukuta mweupe nyuma, bila miwani. Ukivaa hijabu, uso uonekane wote kuanzia paji hadi kidevu.
- Kadi ya Visa au Mastercard iliyofunguliwa kwa malipo ya mtandaoni ya nje ya nchi. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa nayo ni ya kujaribu, mradi uwe umeifungua kabla hujaondoka nyumbani.
- Laini yako ya Tanzania, ikiwa ndani ya simu na rominga imewashwa. Nitalirudia hili.
- Barua pepe unayoweza kuifungua hapohapo ulipo.
- Jina na anwani ya mahali utakapolala usiku wa kwanza.
- Kitabu cha njano cha chanjo ya homa ya manjano. Fomu haikiombi, ila ukiwa na pasipoti ya Afrika Mashariki katika kanda ile, usikiweke kwenye begi la chini ya basi.

Hatua za kufuata

1. Amua njia utakayoingilia. Hili lifanye kabla ya kufungua fomu, kwa sababu utaulizwa lango la kuingilia na jina lake litachapwa kwenye viza. Kutoka Phnom Penh kwenda Ho Chi Minh City kwa basi, lango ni Moc Bai (upande wa Kambodia panaitwa Bavet). Ukitokea Kampot au Kep kwenda pwani ya kusini, ni Ha Tien. Ukishuka na boti kwa mto Mekong mpaka Chau Doc, wenyeji watakwambia Vinh Xuong, lakini kwenye orodha ya fomu tafuta Song Tien. Wanaotokea Laos hutumia zaidi Lao Bao wakitoka Savannakhet, Cau Treo wakitoka Vientiane, au Bo Y wakitoka kusini kupitia Attapeu. Ukipanda ndege, chagua uwanja utakaotua.

Usichague uwanja wa ndege kwa sababu tu ndiyo unaoujua jina, halafu ukaenda mpakani kwa basi. Watu wanarudishwa kwa kosa hili.

2. Fungua tovuti ya serikali, na hiyo peke yake. Anwani ni evisa.gov.vn. Angalia mkia wake: .gov.vn. Ukiitafuta kwa kuandika "Vietnam visa", za kwanza kutokea mara nyingi ni tovuti za watu binafsi zenye bendera, nembo na hata rangi zinazofanana na za serikali. Hawa ni vishoka wa mtandaoni. Baadhi yao wanakuombea viza kweli, ila kwa bei mara mbili au tatu. Wengine wanachukua hela na nakala ya pasipoti yako, basi. Ada ya serikali ni dola 25 kwa kuingia mara moja na dola 50 kwa kuingia zaidi ya mara moja. Ukiona dola 60 kwa kuingia mara moja, funga ukurasa.

3. Pakia picha zote mbili. Pasipoti ipigie picha mchana karibu na dirisha, bila mwanga wa simu. Ukurasa wetu wa taarifa una mng'ao, na mwanga ukigonga mahali pabaya unafuta herufi. Mimi naiweka juu ya kitu cheusi, nasimama wima juu yake na kubonyeza. Pembe nne zionekane na vidole visiwemo. Faili liwe JPG na lisiwe zito. Ukituma picha kwa WhatsApp kwenda simu nyingine itapungua uzito, lakini kagua kama maandishi bado yanasomeka.

4. Jaza majina kama mashine inavyoyasoma. Sisi tunajitambulisha kwa majina matatu: la kwanza, la baba, la ukoo. Fomu inataka la ukoo peke yake katika kisanduku kimoja, na yaliyobaki katika kingine. Ukichanganyikiwa, angalia ile mistari miwili ya chini ya ukurasa wa pasipoti. Chukua mtu anayeitwa Neema Joseph Mushi. Ukiruka herufi za mwanzo zinazoishia na TZA, mstari wake wa juu utasomeka MUSHI<<NEEMA<JOSEPH. Kilichotangulia ile mishale miwili ni jina la ukoo, kinachofuata ni majina mengine. Andika hivyohivyo. Usifupishe Joseph kuwa J., wala usiongeze jina la ndoa ambalo halimo kwenye pasipoti.

Tovuti huweza kujisomea taarifa kutoka kwenye picha na kukujazia visanduku. Usiiamini. Kagua herufi moja moja, hasa namba ya pasipoti na tarehe ya kuzaliwa.

5. Uraia na namba ya pasipoti. Pasipoti yetu ya kielektroniki iliyoanza kutolewa mwaka 2018 ina maneno ya Jumuiya ya Afrika Mashariki juu ya jalada. Nimewahi kuulizwa kama basi uraia unajazwa "Afrika Mashariki". Chagua Tanzania. Namba iandike pamoja na herufi zinazoitangulia.

6. Tarehe. Mpangilio ni siku, mwezi, mwaka, kama tulivyozoea. Tarehe ya kuingia utakayoandika ndiyo siku ya kwanza viza kufanya kazi: unaweza kuingia siku hiyo au baadaye, kabla yake huwezi hata kwa saa moja. Kwa hiyo kama basi lako ni la tarehe 24, andika 22 au 23. Ya kutoka, usijibane. Bei ya siku 15 na ya siku 90 ni moja, kwa nini uombe 15?

Kuhusu kuingia mara moja au zaidi: kama unapanga kuchungulia Laos kisha urudi Vietnam, lipa 50. Ukiwa na ya kuingia mara moja, ukigongewa muhuri wa kutoka imekwisha, hata kama siku 80 zimebaki.

7. Anwani ya malazi. Hapa fomu inachanganya wengi, na kosa si lao. Tarehe 1 Julai 2025 Vietnam ilipunguza mikoa yake kutoka 63 hadi 34 na kufuta wilaya kabisa. Hoteli nyingi bado zinaandika anwani ya zamani. Utapata gesti Hoi An inayosema iko Quang Nam, na kwenye orodha ya mikoa Quang Nam haipo, kwa sababu imeunganishwa na Da Nang. Vung Tau sasa imo ndani ya Ho Chi Minh City. Mui Ne iko Lam Dong, Ha Giang iko Tuyen Quang, na kisiwa cha Phu Quoc kiko An Giang. Usipouona mkoa wako, ulizia jina jipya kwa ujumbe kwa hoteli yenyewe, watakujibu haraka.

Chumba usikilipie kabla viza haijatoka. Weka nafasi inayoweza kufutwa bure.

8. Kagua, hifadhi msimbo, kisha ulipe. Ukimaliza fomu utapewa msimbo wa usajili. Upige picha, uuandike kwenye daftari, ujitumie kwa barua pepe. Bila msimbo huo huwezi kufuatilia ombi lako wala kuipakua viza.

Halafu malipo. Benki itakutumia ile OTP, namba ya kuthibitisha malipo, kwa meseji, na itaituma kwenye laini ya Tanzania. Mara yangu ya kwanza nilikuwa nimeitoa laini nikaweka ya Kambodia, ya nyumbani iko ndani ya pochi ya sarafu chumbani. Ukurasa wa malipo unahesabu dakika kurudi nyuma, mimi nakimbia ghorofani, sina kile kipini cha kufungulia simu, nimevua hereni nikachokonoa nayo. Laini iliposhika mtandao, muda ulikuwa umekwisha na nikaanza upya. Kwa hiyo: laini ndani, rominga iwe imewashwa, na jaribu kupokea meseji yoyote kutoka nyumbani kabla hujagusa kitufe cha kulipa.

Kumbuka pia kwamba ukitaka kupigia benki yako, Kambodia iko mbele ya Dar kwa saa nne. Saa tatu asubuhi ya Phnom Penh, nyumbani ni saa kumi na moja alfajiri. Malipo yafanye mchana wa Phnom Penh.

Ada hairudishwi, hata wakikukatalia.

9. Fuatilia mwenyewe. Barua pepe ya kukujulisha mara nyingine haiji, au inaangukia kwenye barua taka. Kuanzia siku ya tatu ya kazi, ingia kwenye tovuti, weka msimbo, barua pepe na tarehe ya kuzaliwa. Wakitaka urekebishe kitu, kwa kawaida picha, utaona hapohapo.

10. Pakua, soma, printi. Viza ni PDF. Kabla ya kushangilia, isome ukiwa umeishika pasipoti mkono wa pili: jina, namba, tarehe ya kuzaliwa, tarehe za viza, lango. Kisha printi nakala mbili. Steshenari za Phnom Penh zitakuchapia kwa riel chache, na riel kama 4,000 ni dola moja. Usitegemee simu. Mpakani chaji huisha na skrini hupasuka siku hiyohiyo, sijui kwa nini.

Siku ya kuvuka

Phnom Penh hadi Ho Chi Minh City ni kama kilomita 230, saa sita au saba na mpaka ukiwemo. Ukikata tiketi au ukipanda, mhudumu wa basi ataomba kuona viza ya Vietnam. Huna karatasi, hupandi. Karibu na Bavet, utakapoanza kuona kasino zimejipanga barabarani, konda atapita akikusanya pasipoti zote za abiria. Usiogope, ndivyo wanavyofanya. Ila chomeka nakala ya viza ndani ya pasipoti na uhesabu begi lako ukishuka, maana mizigo inapitishwa kwenye mashine upande wa Vietnam.

Kuwa na dola taslimu zisizochanika. Noti yenye mpasuko hata wa kucha inakataliwa Kambodia nzima. Tiketi ya kutoka Vietnam na nafasi ya hoteli viwe karibu. Sisi huulizwa zaidi kuliko wenzetu wa Ulaya waliokaa viti vya mbele. Jibu kifupi, kwa upole, na uyajibu uliyoulizwa tu.

Baada ya muhuri, soma tarehe uliyogongewa kabla hujaondoka dirishani.

Kama kadi imegoma kabisa: ubalozini

Phnom Penh kuna ubalozi wa Vietnam kwenye barabara ya Monivong, na kuna konseli (ubalozi mdogo) Sihanoukville na Battambang. Ukiwa Laos, Vietnam ina ubalozi Vientiane, na konseli Luang Prabang, Savannakhet na Pakse. Nenda asubuhi, ulizia dirishani wanataka nini kwa pasipoti yako na ni siku ngapi. Jua kwamba watabaki na pasipoti, kwa hiyo toa kopi ya ukurasa wa taarifa na wa viza ya Kambodia kwanza, maana gesti wataitaka.

Usiige njia hii kwa kila nchi

Watu wakifanikiwa hapa hudhani kila viza inaombwa njiani. Viza ya Schengen unaiomba unakoishi kihalali. Ukiwa mpita njia, ubalozi unaweza kukupokea ukitoa sababu ya maana, na "niko likizo" haiwatoshi. Marekani tangu Septemba 2025 wanataka uombe kwenye nchi ya uraia wako au unakoishi. Uingereza ndio walegevu kidogo: viza ya kutembelea unaweza kuiombea nchi yoyote uliyopo, mradi ukatoe alama za vidole.

Ikienda kombo

*Pesa imekatwa, lakini ombi linaonyesha halijalipiwa.* Usilipe tena papo hapo. Subiri siku moja, ingia na msimbo wako. Mara nyingi linajirekebisha. Lisiporekebika, onyesha benki yako muamala, kisha fungua ombi jipya.

*Benki inakataa kila ukijaribu.* Kadi haijafunguliwa kwa malipo ya nje, au kikomo cha siku kimefika. Ukijaribu mara tano mfululizo inaweza kufungwa kabisa, kwa hiyo simama baada ya mara mbili upige simu. Njia ya haraka ni kumwomba msafiri mwenzako alipe kwa kadi yake, wewe umpe taslimu. Jina kwenye kadi si lazima liwe la mwombaji.

*Siku ya sita ya kazi, bado linashughulikiwa.* Andika barua pepe fupi kwa anwani iliyoko kwenye tovuti, taja msimbo. Wakati huohuo angalia kama unaweza kuongeza siku Kambodia: viza ya utalii huongezwa mara moja, kwa siku 30. Wakala wa utalii mjini hushughulikia, na wao huhitaji pasipoti kwa siku kadhaa, kwa hiyo usisubiri mpaka siku ya mwisho.

*Viza imetoka na kosa la herufi moja.* Kama kosa liko kwenye jina, namba ya pasipoti au tarehe ya kuzaliwa, omba upya na ulipe upya. Dola 25 imekula kwako. Inauma, lakini kurudishwa Moc Bai ni balaa zaidi: ukishagongewa muhuri wa kutoka Kambodia, viza yako ya kule nayo imekufa, na utatakiwa kununua nyingine ili urudi.

*Umekataliwa bila maelezo.* Hawatoi sababu. Kagua picha na majina, omba tena mara moja ukiwa umeyasafisha. Ukikataliwa tena, nenda ubalozini Phnom Penh au badili safari. Ukibadili, usihesabu kurudi Bangkok kwa basi kabla hujauliza: mipaka ya nchi kavu kati ya Thailand na Kambodia ilifungwa Juni 2025 kwa mgogoro wao, na waliokuwa na tiketi za basi walilazimika kupanda ndege.